Kibao cha Bawa la Kulia

Aliyemwambia kwanza kwamba ndege itaruka kesho alikuwa muuza kahawa, wala si mume wake. Alimwambia huku akimimina, kwa sauti ya mtu anayedhani unajua tayari: “Shemeji, kesho asubuhi tuje wote uwanjani, au ni ya familia tu?” Yeye akainamia cherehani yake pale kibarazani, akajibu “Karibuni,” kisha akakosea mshono. Mume wake alikuwa amemwambia atalala uwanjani kuilinda ndege. Hakumwambia kwamba kukicha angepanda nayo. Ndege yenyewe ilikaa uani kwao miaka mitatu, ikajengwa bomba kwa bomba, na kitambaa kilichowambwa kwenye mabawa alikishona yeye, tumbo la ujauzito likigusa meza ya cherehani. Lakini kushona ni jambo moja, na baba wa mtoto wako kukaa ndani na kwenda juu ni jambo jingine. Mbele ya kibaraza kulikuwa na benchi la kijiwe, na leo hapakuwa na habari nyingine. Walikuwepo watatu wa kila siku: kinyozi waliyemwita Redio, fundi baiskeli waliyemwita Spana, aliyekuwa akimsaidia mume wake kuiunga ndege, na mzee Hakimu, mpakia mizigo mstaafu, ambaye hajawahi kukanyaga mahakamani ila kila ubishi ulimalizikia kwake.

— Kibali kimetoka? aliuliza Hakimu.

— Kimetoka Jumatatu, alijibu Spana. Azunguke juu ya uwanja tu, asivuke barabara.

— Barabara ya chini au ya juu?

— Mzee, huko juu kuna barabara?

— Ndiyo nauliza. Wewe si ndiye fundi?

Muuza kahawa alicheka mpaka kikombe kikamwagika.

— Mimi naona siku ya kwanza asipande sana, alisema Redio. Apae kimo cha mlango, basi. Hata akianguka, ameanguka kama mtu aliyetoka kitandani.

— Na akishakizoea kimo cha mlango?

— Kesho yake paa la nyumba. Keshokutwa mnazi. Mtoto huanza kutambaa, bwana.

— Sasa Redio, alisema Spana, ndege haitaki kimo cha mlango. Chini kule ndiko kubaya. Ikiyumba kidogo bawa linalima ardhi. Akishatoka, apande.

— Basi ifungwe kamba ndefu, alisema Hakimu. Kama mbuzi. Kamba inashikwa na watu kumi, ikizidi kiburi inavutwa.

— Mzee, watu kumi wataondoka nayo!

— Ishirini.

— Hapo utakuwa umepaisha mtaa mzima!

Mwenye cherehani alitabasamu bila kuinua uso. Aliona haya kucheka mbele yao, na isitoshe tabasamu lenyewe halikudumu.

— Uzito je? aliuliza muuza kahawa. Nasikia kiti cha nyuma kikiwa kitupu haikai sawa.

— Tumeweka mfuko wa mchanga, alisema Spana. Kilo sabini, umefungwa kwa mikanda.

— Mchanga wa nini, na mama mkwe wake yupo, kilo hizo hizo? alisema Redio, halafu akakumbuka aliyekaa nyuma yake. Aa, shemeji, nisamehe. Ulimi huu!

— Hamna neno, alisema yeye kwa sauti ndogo.

— Mchanga haupigi kelele, alisema Hakimu. Mchanga utabaki.

Wakaendelea hivyo. Redio akasema rubani asinywe chai asubuhi kwa sababu chai ikichemka juu inapanda kichwani. Hakimu akasema aruke alfajiri, hewa ikiwa bado imelala, maana ikishaamka inasukumana. Muuza kahawa akataka magodoro yatandazwe uwanja mzima, akaanza kuhesabu ni nyumba ipi ina magodoro mangapi, na nani hatatoa lake.

Ndipo akaja mtu mgeni, dereva wa lori, na koti mkononi. Zipu ilikuwa imekatika. Alimpa mwenye cherehani, akaomba imalizwe leo, akaketi mwisho wa benchi kusubiri. Muuza kahawa akampa kikombe.

— Mnaongelea ile ndege ya pale uwanjani? aliuliza dereva. Nimepita nikaiona. Nzuri. Imepigwa rangi vizuri.

— Huyu hapa ni mmoja wa mafundi wake, alisema Redio, akimpiga Spana begani kama mwenye mali.

— Hongera, fundi. Sasa niambie kitu. Nyuma ya mabawa nimeona vibao viwili, kimoja huku, kimoja kule, vinachezacheza.

— Ndivyo vinavyoilaza upande. Ukitaka kukata kona hewani, lazima uilaze.

— Haya. Akipeleka usukani kulia, kile kibao cha bawa la kulia kinapanda au kinashuka?

— Kinashuka, alisema Redio. Si anataka kwenda kulia? Basi kulia kushuke.

— Kinapanda, alisema muuza kahawa. Kikipanda kinazuia upepo, bawa linazama.

— Vyote viwili, alisema Hakimu.

— Vyote viwili haiwezekani, mzee.

— Kwa zamu.

Dereva akamgeukia Spana.

— Fundi?

Spana alikuwa amekiinamia kikombe chake.

— Vinacheza vizuri, alisema. Tumevijaribu. Havikwami hata kidogo.

— Kucheza nimeona. Nauliza kinapanda au kinashuka.

— Nyaya nimefunga mimi. Mwenye ndege alikuwa kwenye injini. Nilizitia alama, kitambaa chekundu waya wa kulia, cheusi wa kushoto, ili mabawa yakirudishwa uwanjani tusichanganye. Alama ziko sawa.

— Ulizitia lini?

— Siku ile tulipokuwa tunafunga magurudumu. Tulikuwa tumeigeuza, tumbo juu, imelalia matairi ya zamani, kulia kwake kukiwa kushoto…

Akanyoosha mkono wake wa kulia, akautazama, akaugeuza kiganja juu, kiganja chini. Redio naye akaunyoosha wake. Hakimu akaweka kikombe chake chini. Cherehani ilikuwa imesimama. Mwenye cherehani alikuwa ameshika zipu kwa vidole vyote kumi.

— Aliiendesha juzi uwanja mzima, alisema Redio taratibu. Ikaenda vizuri.

— Chini unaongoza kwa miguu, alisema Spana. Vibao havifanyi kazi mpaka iwe juu.

Muuza kahawa akainua birika, akaliinamisha. Likatoa machicha tu.

Usiku simu ya mume haikupatikana. Asubuhi yake mwenye cherehani alimfunga mtoto mgongoni kabla jua halijatoka, akaenda uwanjani kwa miguu. Mume alikuwa ameshakaa kitini, kofia kichwani.

— Nani kakuambia?

— Muuza kahawa.

— Nilitaka nikuambie nikishashuka, mama. Nisikupe mawazo.

Mke alipita nyuma ya bawa la kulia, akasimama karibu na kibao.

— Peleka usukani kulia.

— Nimeshakagua, vinacheza.

— Peleka tu, baba.

Akapeleka. Yeye akatazama kwa utulivu, kama anayetazama mshono.

— Kinatakiwa kipande au kishuke?

— Cha kulia kinapanda.

— Kimeshuka.

Mume aligeuza shingo, lakini kutoka kitini hakuweza kukiona. Akashuka. Mke akapanda mahali pake, mtoto mgongoni, mara yake ya kwanza kukaa humo, akaushika usukani akaupeleka kulia. Mume alisimama nyuma ya bawa, akakiona kibao kikishuka. Alikuja akamshika bega, akaliachia, kisha akaenda kutafuta koleo.

Spana alifika na baiskeli, macho mekundu. Akakuta kifuniko kimeshafunguliwa, akapiga magoti. Wawili hao wakazibadilisha nyaya.

— Kulia, alisema mume kutoka nyuma. Naam, kimepanda! Kushoto. Vizuri. Shuka sasa, mama, tumemaliza.

Akashuka. Akamvuta mtoto juu kidogo mgongoni, akakaza kanga.

— Panda wewe, alisema.

Akazunguka nyuma ya bawa la kulia, akasimama pale pale aliposimama mwanzo.

— Haya. Kulia.