Historia ya Rula, Aliyeanza Mwaka wa Kwanza Mara Tatu

Wafiwa wenzetu, majirani, wafanyakazi wenzake na nyote mlioacha shughuli zenu kuja kutushika mkono, familia imemtuma mdogo wa marehemu, yule aliyemwachia ziwa, awasomee maisha ya dada yake, na imemruhusu ayasome kama yalivyokuwa, bila kuyapaka sukari, kwa sababu mwenyewe hakupenda mstari uliopinda.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1971, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya kupanga iliyopakana na kiwanda cha rangi, akiwa mtoto wa tatu na binti wa kwanza wa baba mtunza ghala wa kiwanda hicho na mama mshonaji wa sare za shule, na kwa kuwa alikulia miguuni pa cherehani, akipima kila kitu kuanzia vizingiti vya milango hadi pua za wageni, mtaa mzima ulimwita Rula, na jina la kwenye cheti likabaki kuwa la kwenye cheti.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1978 hadi 1984, na sekondari kuanzia 1985 hadi 1988, na tunaomba ieleweke kwamba katika miaka yote hiyo hakurudia darasa hata moja, maana huko mbele wapo waliomfanya aonekane mzito wa kichwa.

Tarehe 1 Februari 1989 aliajiriwa katika ofisi ya michoro ya majengo, ghorofa ya pili, juu ya duka la viatu, akaanza kwa kunakili michoro ya wenzake, na haikuchukua muda akawa anachora nyumba nzima kuanzia msingi hadi paa, lakini sheria ya kazi ile ni kwamba mchoraji huchora, na msanifu majengo aliyesajiliwa ndiye hutia sahihi kwenye kona ya chini ya karatasi. Sahihi hiyo ndiyo aliyoitamani dada yetu, hakutamani gari wala cheo, alitaka jina lake likae kwenye kona ya mchoro wake, na ili alipate hilo ilibidi awe na shahada.

Januari 1992 alijiunga na chuo cha ufundi, masomo ya jioni, akasoma miaka mitatu akitoka kazini na vumbi la penseli vidoleni, akafaulu yote, na ilipobaki miaka miwili chuo kikafunga masomo ya jioni kwa kukosa walimu, wanafunzi wakaambiwa waende chuo kikuu, krediti zao, yaani masomo waliyokwisha kuyafaulu, zitahamishwa bila taabu. Alipofika huko Septemba 1995 aliambiwa kwamba chuo cha ufundi kinahesabu mihula mitatu kwa mwaka na wao wanahesabu miwili, hakuna anayejua kuoanisha, kwa hiyo aanze mwaka wa kwanza, naye akaanza.

Tarehe 14 Desemba 1996 alifunga ndoa na fundi wa mitambo ya maji, shemeji yetu huyu aliyekaa hapa mbele, na Mungu akawajalia watoto wawili, binti mwaka 1998 na mvulana mwaka 2001. Mwaka 1999 shemeji alihamishwa kikazi kwenda mji mwingine, dada akafuatana na mumewe, akaenda na masomo yake ya miaka miwili, aliyoyakusanya kwa minne kwa kuwa alisoma huku akifanya kazi, kwenye chuo kikuu cha huko, wakamweleza kwamba ya kuhamia hupokewa baadhi tu, na hayo baadhi yanategemea mkuu wa idara, na mkuu wa idara yuko safarini, hivyo kwa sasa aanze mwaka wa kwanza, naye akaanza tena, akiwa na mtoto mgongoni, na mwaka 2003 mumewe aliporudishwa huku, dada alikuta krediti zake za mwanzo zimepitwa na wakati, kama maziwa, na zile za ugenini hazitambuliki.

Mwaka 2012 kile chuo cha ufundi kilimezwa na chuo kikuu, bango likabadilishwa, na siku hiyo dada yetu alicheka hadi machozi, akasema sasa hakuna tena cha kuhamisha, maana aliyekuwa akikataa na aliyekuwa akikataliwa wamekuwa mtu mmoja. Hakujua. Utaratibu ulidai msajili wa chuo cha ufundi athibitishe masomo yale kwa barua, na msajili wa chuo kikuu aipokee, na kwa kuwa vyeo vyote viwili sasa vilikuwa vya bwana mmoja, mwenye mihuri miwili juu ya meza moja, bwana huyo alimtazama kwa huruma akamwambia, "Mama, mimi nitajiandikiaje barua mwenyewe?" Miaka minne alipigwa danadana, mara kamati haijakaa, mara imekaa haikutimia, na kila aliporudi nyumbani aliambiwa subira yavuta heri, hata akawaomba watu wa nyumbani kwake wasiitamke methali ile mbele yake.

Ndipo mwaka 2016, akiwa na umri wa miaka arobaini na mitano, alipoanza mwaka wa kwanza wa chuo kikuu mara ya tatu, darasa moja na binti yake wa kumzaa, na siku ya kwanza alipoingia ukumbini wanafunzi wote walisimama wakidhani ni mhadhiri, naye akapita katikati yao, akakaa kando ya mwanawe, akamnong'oneza, "Usiniite mama humu, wataniomba matokeo." Tulicheka sana kisa hicho nyumbani, ila mwenyewe alipomaliza kukisimulia aliingia jikoni akakaa huko peke yake.

Oktoba 2019 alianza kusumbuliwa na tumbo, vipimo vikaonyesha saratani, akaacha masomo akiwa mwaka wa nne, akaendelea na matibabu, na mwaka 2021 alihudhuria mahafali ya binti yake akiwa kwenye kiti cha magurudumu, akapiga makofi kuliko wote. Alifariki tarehe 3 Juni 2022, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mumewe.

Juzi bwana msajili alifika msibani, akatupa pole, tukaipokea, akasema chuo kiko tayari kumtunuku marehemu shahada yake, mradi familia iandike maombi na kuambatanisha uthibitisho wa masomo yake kutoka chuo cha ufundi. Shemeji yetu alimsindikiza hadi getini, akamwambia, "Tumeshukuru, baba, lakini aliyekuwa akiomba ameshachoka." Huo ndio uamuzi wa familia, na tuna uchungu, hatufichi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, majirani waliopika na kulala nasi sakafuni, wenzake wa ofisi ya michoro waliomletea kazi hadi kitandani ili asijione amekwisha, na mlinzi wa jengo la utawala la chuo aliyekuwa akimtolea kiti chake mwenyewe akae akisubiri. Ofisi ya usajili hatukuisahau, tumeiacha kwa makusudi.

Mtakapofika makaburini mtaona kibao kimeandikwa jina lake, na chini yake maneno Msanifu Majengo, ambayo binti yake ameyachora kwa mkono wake, na hatukumwomba mtu kibali wala muhuri, na yeyote anayeona si halali aje ayafute mwenyewe, mchana, sisi tukimtazama.

Pumzika kwa amani, dada, msanifu wetu.