Dakika Tatu za Kapteni Osward Mkopi

Leo, tarehe 30 Juni 2025, Kapteni Osward Mkopi anastaafu baada ya miaka thelathini na moja ya kuvusha watu. Tumetoka Dar es Salaam basi zima kuja kumkabidhi kwenu, ndugu zetu wa Ifakara, na tangu Kidatu nimekuwa nikiwasimulia wenzangu habari zake. Nyingi ni za kweli.

Alianza hapa kwenu, kwenye pantoni ya Kivukoni ya Mto Kilombero, mwaka 1994. Daraja la mto lilipokamilika akahamia kwetu Dar es Salaam, bandarini, kwenye boti zetu za kasi. Kwa ambao hamjaziona: chukua mitumbwi miwili mirefu kama treni, iunganishe kwa sakafu moja, tia injini nne. Abiria akipiga chafya Kigamboni, alhamdulillahi yake inasikika Magogoni, ng'ambo ya pili.

Ila kasoro yake moja ilitutesa. Akiona mtumbwi wa mvuvi, alipunguza mwendo mpaka wimbi la boti lilale. Manahodha wa Kivukoni ndivyo walivyolelewa: mtumbwini kuna mchele, kuku na mama wa mtu. Lakini mjini watu wanawahi kazini. Muuguzi mmoja, Bi Ursula, alisema kapteni wetu anaiamkia mitumbwi shikamoo kisha anasubiri marahaba. Nilicheka kuliko wote, na mimi ndiye mfunga kamba wake.

Ofisi haikucheka. Alipewa barua tatu za onyo kwa kuchelewa. Ya nne ingemtoa kwenye usukani. Hakubishana. Alimwomba meneja, Bi Getrude, apande mtumbwi wa mvuvi asubuhi moja, boti ikipita kwa mwendo wa ratiba. Nikaenda naye kama mlinzi. Boti ilipita mbali, hatua mia nzima. Wimbi lilipofika, mtumbwi ulisimama wima kama nguzo ya umeme, nami nilikunywa bahari mpaka kina kikapungua. Bi Getrude alirudi gatini na kiatu kimoja, akanyoosha ofisini bila kubadilisha nguo.

Wiki iliyofuata kila safari iliongezewa dakika tatu. Barua zikafutwa. Kapteni akashika usukani wake miaka minne zaidi, na hakuna mtumbwi hata mmoja uliozamishwa na wimbi lake. Hilo sijalitia chumvi. Anayempokea usukani, Kapteni Jihan, ameikuta ratiba hiyo na anaifuata.

Kapteni, asante kwa kutuvusha. Mungu akujalie afya, mpunga ustawi, wajukuu wakuchoshe kidogo tu. Pumzika sasa, haraka zote tuachie sisi.

Twalib Bwanaheri, mfunga kamba