Makofi Yale Yalikuwa Salamu

Risala ya wanakijiji wa Lwembe, Ufipa, kwa Mgeni Rasmi, siku ya kuonyeshwa sinema ya kijiji chetu, Juni 1980

Mgeni Rasmi, Ndugu Fanueli, uliyetoka Dar es Salaam na gari la sinema. Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji. Wazee wetu, shikamooni. Akina mama, vijana, na wageni mliopanda kutoka ziwani:

Sisi wanakijiji wa Lwembe tunasema karibu. Upepo wa Ufipa umekupokea kabla yetu, tumeona ulivyoishika kofia. Na ukituona tumejitanda mablanketi, usidhani kijiji kizima kinaumwa. Ni Juni tu. Bado kidogo utaomba blanketi na wewe.

KARIBU NA FURAHA YETU

Ndugu Mgeni Rasmi, habari ya ujio wako tulisomewa na katibu wetu, Ndugu Flavian, mbele ya ghala. Akasoma kwa sauti ya kikao: "Sinema iliyopigwa Lwembe mwaka sabini na nne imechaguliwa kuwa sura ya muongo."

Mzee Polikarp akauliza, "Sura ya mwongo? Mwongo gani? Nani kati yetu kasema uongo mpaka akapigwa sinema?"

"Muongo, mzee," akasema Flavian. "Maana yake miaka kumi. Miaka yote ya sabini. Wakitaka kujua miaka ile ilikuwaje, wataitazama sinema yetu."

"Basi miaka kumi nayo imekuwa mwongo," akasema mzee, "na mimi nilikuwamo."

Tulicheka mpaka mbuzi wakatimka. Lakini tulipolitafakari neno lile usiku, tuliona mzee kalikanyaga jambo bila kujua. Ndiyo maana risala hii imekuwa ndefu. Uvumilie, chai iko njiani.

TULIKOTOKA

Zamani hatukuwa hapa. Tulikaa vitongoji vitongoji, huyu huku na yule ng'ambo ya kijito, kila mtu na shamba lake la ulezi nyuma ya nyumba. Mwaka sabini na nne tuliambiwa tukae pamoja. Wengine walikuja wakiimba. Wengine walikuja wakigeuka nyuma. Tulikuja wote.

Wa mwisho kuja alikuwa Bibi Albina, mkunga wetu. Nusu ya watu unaowaona hapa kawadaka kwa mikono yake. Mwanawe Ignasi na mkewe Josefina walikuwa wameshahamia, wakamtengenezea chumba, wakamngoja. Lori likaenda kumchukua, likarudi tupu. Lilipokwenda tena, akawaambia waliotumwa, "Kuku wangu analalia. Mnataka mayai nayo yahame?"

"Bibi, lori linasubiri."

"Lisubiri. Hata mtoto wa binadamu husubiriwa."

Mwishowe wakakubaliana: kuku atiwe kwenye tenga na mayai yake, na Bibi akae mbele kwa dereva.

Sasa, siku ile ile ndiyo wapiga sinema walikuwa wamefika. Asubuhi walitupanga mstari tulime kwa pamoja. Shamba lile tulikuwa tumelilima juzi yake. Tukalilima tena, nalo likastahimili. Kisha lori likaingia, Bibi Albina akateremka.

Josefina ndiye yule aliyekaa mbele, mwenye kitenge cha bluu, asiyetaka kuinua uso. Alipomwona mama mkwe wake akachutama, akainamisha kichwa, akakunja viganja na kuvipiga taratibu. Pa, pa, pa. Sisi Wafipa ndivyo tunavyomwamkia mkubwa. Huwezi kusimama wima mbele ya mama mkwe ukamrushia neno kama unamwita kondakta. Unachutama, unapiga viganja, naye anakujibu. Akina mama wengine wakachutama pia, maana huyo ni mkunga wa kila mmoja.

Hapo tenga likafunguka. Kuku akaruka, akapiga kelele, akatua juu ya mashine yenyewe ya kupigia sinema.

Josefina alijua kwamba aliyechutama hacheki. Alijiuma midomo. Lakini mpiga sinema alikuwa anamsihi yule kuku, "Ndugu, shuka! Ndugu, shuka!" Nani angevumilia? Akacheka, mabega yakitikisika, na huku anaendelea kupiga viganja, kwa sababu salamu haikatishwi njiani. Bibi Albina naye akaipokea, akajibu, kisha akaenda kukagua mayai. Yote yalifika mazima isipokuwa moja alilolikalia dereva.

Ndivyo ilivyokuwa, Ndugu Mgeni Rasmi. Tulikuwepo.

TULIYOYAFANYA

Tangu siku ile tumejenga shule, na watoto waliozaliwa hapa hapa sasa wanatusahihisha kusoma. Tumechimba kisima. Zahanati ipo, na Bibi Albina ndiye anayemfundisha mganga wa zahanati kunyamaza mama akiwa na uchungu. Jioni tunasoma elimu ya watu wazima. Bibi mwenyewe sasa anaandika jina lake, analiandika mpaka kwenye majivu ya jiko, na wajukuu wakilifagia anagomba.

Na sinema tumeiona. Gari lilikuja mwaka mmoja baada ya mavuno, tukafungiwa kitambaa cheupe. Loo, kelele za siku ile! Kila mtu alikuwa anatafuta mgongo wake. Mzee Polikarp akauliza, "Na mzee yule ni wa wapi, mbona ana miguu kama yangu?" Urbano alimwona mbwa wake aliyekwisha kufa, akamwita kwa jina. Kulikuwa na sauti ya mtu ikisemasema nyuma ya picha, lakini nani aliisikia? Mtu anayewajua waliomo kwenye picha hana haja ya kuelezwa.

Maneno yale yalisikiwa kule ambako hatujulikani.

LINALOTUUMA

Tungeweza kuanza na barabara, ambayo umepita na umeijua. Au mashine ya kusaga, ambayo tunaisikia tu huko Matai. Hayo yapo. Lakini tumekubaliana leo tuanze na jambo dogo, kwa sababu wewe ni mtu wa sinema na jambo lenyewe ni la sinema.

Ignasi anaye dada, Bertilla, aliyeolewa Kabwe, huko ziwani. Tulipohama yeye hakuwepo. Gari la sinema lilipofika Kabwe, Bertilla alikwenda na majirani zake, kifua mbele. "Leo mtawaona kwetu," akawaambia.

Akaona mstari wa majembe. Akaona lori. Kisha akaona paa la nyumba ya marehemu baba yake linashuka, nguzo zinaanguka, vumbi. Na mara tu baada ya vumbi, uso wa wifi yake Josefina, anacheka na kupiga makofi. Sauti ikasema: "Wanawake wa Ufipa washangilia kuyaacha maisha ya zamani."

Jirani mmoja akamgeukia. "Kumbe nyumba ya baba yako ilibomolewa, wifi yako anapiga makofi?"

Ndugu Mgeni Rasmi, paa lile lilishuka kesho yake. Josefina hakuwepo, alikuwa huku akimchemshia mama mkwe wake maji ya kuoga. Hatukulishusha sisi, na leo hatuulizi ni nani aliyelishusha. Tunasema tu kwamba kwenye sinema kesho imetangulizwa mbele ya leo, na Bibi Albina hayumo, na kuku hayumo. Bertilla ni Mfipa, salamu yetu anaijua. Lakini salamu iliyoondolewa mwenye kusalimiwa, utaijuaje?

Bertilla akatuma neno kwa mwenye gari la samaki: "Mwambie wifi yangu, makofi yake nimeyaona."

Josefina alifurahi! Alidhani salamu yake imepokelewa mpaka ziwani. Akajaza mfuko wa ulezi, akampa mwenye gari. "Mpelekee wifi, mwambie nami namsalimu tena."

Mfuko ulirudi ulivyokwenda, haujafunguliwa.

"Kasemaje?" Josefina akauliza.

"Kasema ulezi uliolimwa juu ya paa la baba yake, yeye hali."

Josefina alikaa na mfuko ule mlangoni mpaka jua likazama. Baadaye, habari ya sinema ilipotufikia yote, alikwenda kwa mama mkwe wake, akachutama, asipige viganja. Tangu hapo viganja vyake vimekuwa vizito. Akimwamkia mkubwa huvigusisha tu, bila mlio, kama mtu anayeogopa kusikiwa. Sisi tulimtania, "Josefina, viganja vyako vimeota pamba?" Kisha tukaacha kumtania.

Bibi Albina alituma maneno Kabwe: "Aliyesalimiwa ni mimi, na kuku wangu shahidi." Lakini kuku ni kuku, na sinema ina muhuri. Bibi mwenyewe miguu yake haiwezi tena kuteremka ule mlima. Bertilla naye hakupanda. Mama akawa huku na binti huko, na katikati yao vipande viwili vya picha vilivyoshonwa pamoja.

NENO LETU KUHUSU MUONGO

Umetuuliza kwa barua kama tunaridhika sinema yetu iwe ndiyo miaka ya sabini. Tumezungumza. Vijana walisema ndiyo, tutakuwa maarufu. Flavian alisema ni heshima. Mwalimu wa shule yetu alisema hakuna picha moja inayotosha. Bibi Albina alisikiliza, kisha akatuuliza tunalimaje.

Sisi tunalima vilima vya duara, ntumba. Tunakata majani, tunayafunika kwa udongo, yanaoza humo ndani mpaka yawe chakula cha mmea. Mpita njia akitazama ataona udongo tu. Mbolea imefichwa. Na hata ukikifukua kilima kimoja ukakijua mpaka chini, bado hujaliona shamba.

Kwa hiyo hatuikatai sinema yetu. Tunaipenda! Miguu ya Mzee Polikarp imo, mbwa wa Urbano yumo, na mama zetu watatu ambao sasa ni marehemu wamo, wanatembea, tena wamevaa vizuri. Mtoto akituuliza bibi yake alikuwaje, tuna pa kumwonyesha. Hicho ni kilima kimoja, tena kizuri. Kiitwe kilima. Kisiitwe shamba.

Na wewe, Ndugu Fanueli, tumesikia kwenu ni Rungwe. Kule tunaambiwa mkamwana akimwona baba mkwe wake njiani hukimbia akajifiche migombani, kwa heshima. Je, angepita huko mpiga sinema, sauti ingesemaje? "Wanawake wa Rungwe wayakimbia maendeleo"? Tunaona unacheka. Basi umetuelewa, na tungeweza kuishia hapa.

Muongo si mwongo, baba yetu. Lakini ukiupa mdomo mmoja tu wa kuusemea, unaweza kuufanya mwongo.

MAOMBI

La kwanza, kama huko ofisini kwenu kile kipande cha Bibi Albina akiteremka kwenye lori bado kipo, kirudishwe mahali pake. Na kuku arudishwe. Sana sana kuku.

La pili, wengine waje na mashine zao, wapige kisima, wapige darasa la wazee, wapige na vitongoji vile vya zamani ambavyo sasa ni nyasi. Watu wa Kabwe nao wapigwe, na watu wa mpakani Kasesya, kila mtu na miaka yake kumi.

La tatu, mashine ya kusaga, hatukuisahau.

La nne ndilo la leo. Giza likiingia utakapotuonyesha sinema, tunaomba sauti ile uizime. Picha ziende. Bibi Albina atakaa kando ya kitambaa na kusema mwenyewe ni nani anapigiwa makofi, na siku gani, na kuku alitua wapi. Ana sauti ya mkunga. Hata walioko nyuma watasikia.

Maana walioko nyuma wapo. Asubuhi ya leo gari la samaki limepanda kutoka Kabwe, na Bertilla yumo. Alisikia kwamba sinema inarudi mahali ilipopigwa, akasema anakwenda kuwaona wanavyojishangilia. Hajaingia nyumbani kwa kaka yake. Amekunywa maji kwa Urbano, na sasa amesimama pale pale karibu na gari, kajifunika kanga mpaka puani. Mama yake amemwona. Josefina amemwona. Sisi sote tumemwona na tunajifanya tunakutazama wewe, utusamehe.

MWISHO

Mungu aliyekupandisha mlima huu akuteremshe salama, breki zako zishike, na nyumbani uwakute wanakungoja. Afya ya taifa letu na iwe kama ulezi wa ghalani, usioliwa na wadudu.

Ndugu Mgeni Rasmi, mahali pengine risala ikimalizika watu hupiga makofi. Na sisi tutapiga. Usidhani tunashangilia. Utatuona tumechutama, na makofi yatakuwa ya taratibu, na atakayeanza ni Josefina. Yeye hatakuelekea wewe. Ataelekea kule kwenye gari la samaki, na tumemwomba avipige viganja mpaka vilie.

Kwetu salamu hiyo hujibiwa. Tunaomba mashine ya sinema isiwashwe mpaka tusikie jibu.

Ni sisi, tukiwa tumechutama,
Wanakijiji wa Lwembe.