Faili Lililonenepa Kinoru

Asubuhi hiyo Gitobu alipofika kwenye benchi la Joyline, muuza kahawa wa karibu na uwanja wa Kinoru, mazungumzo yalikatika ghafla. Yeye ndiye aliyetunza kompyuta za ushirika wa makadamia. Kwa wiki nzima barua pepe hazikuwa zimeingia, mnunuzi amenyamaza, na makadamia yameanza kuota ukungu stoo.

— Karibu, bwana barua, — akasema Kaburu, askari mstaafu waliyemwita Sirikali. — Umewauzia mabroka wa makadamia barua zetu ngapi?

— Hata moja, mzee. Shida ni chujio. Ile programu ya kuzuia barua za utapeli hujifunza maneno yao, inayaweka kwa faili moja. Ya zamani yanafaa kufutwa. Hayakufutwa, faili likavimba, nafasi yote ikajaa. Barua mpya zikakosa pa kuingia, zikarudi zilikotoka.

— Ati faili limenenepa? — akadakia Mukiri, ambaye kwa mdomo wake usiofungwa aliitwa Redio. — Kwani linakula githeri?

— Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa, — Sirikali akainua kidole. — Hilo limelishwa na mtu!

Redio akageuka kuangalia nyuma, akashusha sauti.

— Ni mabroka. Hizo barua za "umeshinda gari" ni zao zote. Wanatuma mob, mia kwa mia, ndio kompyuta ivimbiwe, halafu makadamia ikioza wanakuja kununua kama takataka.

— Na kuna mtu wa ndani anawafungulia mlango, — akaongeza Sirikali. Mficha uchi hazai, Gitobu. Tupe password!

Gitobu akajaribu tena kujieleza.

— Jana nimefuta maneno ya zamani. Barua zinaingia sasa.

— Aai! — Redio akaruka. — Si mmesikia? Amefuta ushahidi!

Kila alilolitamka lilimchafua zaidi. Akatamani kuondoka, lakini kuondoka nako kungekuwa kukiri.

Mwanamke mmoja mgeni, aliyekuwa akisubiri chai, akawageukia. Alijitambulisha kuwa Marcella, mkulima wa Kianjokoma.

— Samahani, wazee. Kama barua za mnunuzi zilirudi, kuna mtu amempigia simu?

Sirikali akamtazama Redio. Redio akakohoa. Gitobu akaona haya: alikuwa ameshinda akipambana na faili na kujitetea, hata hilo halikumjia. Akatoa simu, akampigia mnunuzi, akaweka spika ili wote wasikie.

— Ushirika wa Kinoru? — sauti ya mnunuzi ikauliza, baridi. — Nimewaandikia tena na tena. Niliwakosea nini?

— Hukutukosea chochote, — akajibu Gitobu. — Ni kompyuta yetu ilijaa.

— Kompyuta ilijaa, — akarudia mnunuzi, kwa sauti ile ile baridi. Mnunuzi naye, ilionekana, hakuamini.