Profesa Ernestine Mulimbi, Aliyefunga Makaburi ya Kwao

Watumishi wa Mungu, viongozi wa territoire, yaani wa wilaya yetu ya Kabambare, ndugu, marafiki na majirani mliofika hapa kando ya barabara ya Salamabila, mahali ambapo wengi wenu mnapakanyaga leo kwa mara ya kwanza, familia imeomba tuwasomee maisha ya dada yetu, na tutasoma bila kukokota, kwa sababu yeye mwenyewe hakuvumilia hotuba ndefu, hasa za watu wengine.

Profesa Ernestine Mulimbi alizaliwa Kabambare tarehe 14 Machi 1971, mtoto wa pili wa baba Zéphirin na mama Jeannette, wakulima wa mpunga na karanga, akimfuata kaka yake Célestin, ambaye leo ndiye mkubwa wa familia. Alisoma shule ya msingi hapa Kabambare kuanzia 1977 hadi 1983, kisha akapelekwa Kasongo kwa sekondari, upande wa hesabu na fizikia, ambako walikuwa wasichana wawili tu darasani, na alipopata diploma ya serikali mwaka 1989 baba alimchinjia mbuzi, na Célestin analalamika mpaka leo kwamba yeye hakuonja hata mguu.

Mwaka 1996 alimaliza fizikia Kisangani, tarehe 5 Julai 1997 akafunga ndoa na Asani, mwalimu wa hesabu kule Kasongo, naye pia mtoto wa Kabambare, na Mungu akawajalia watoto wawili, Malaika, aliyezaliwa 1999, na Héritier, aliyezaliwa Januari 2008. Mwaka 2002 alipata nafasi ya kusomea udaktari Ubelgiji, akamwachia mumewe mtoto na jiko, na wanaomjua Asani wanajua kwamba mtoto alikua vizuri na sufuria zote ziliungua.

Huko alichunguza fizikia ya nyota, yaani jinsi vumbi linalozunguka nyota changa linavyovutana, chembe kwa chembe, mpaka linakuwa donge kubwa, na kwa kuwa hakuna binadamu mwenye umri wa kutosha kulitazama likikua, aliandika programu ya kompyuta inayoiga jambo hilo lote kwa muda mfupi, kazi iliyompa udaktari mwaka 2007. Aliporudi nyumbani na kupita Salamabila, aliona watu nao wanavutana vilevile, mchimbaji mmoja anasimamisha kibanda karibu na shimo la dhahabu, mama anaweka meza ya unga wa muhogo mbele yake, anakuja wa kuchaji simu, wanafuata wenye pikipiki, na ghafla pamekuwa mtaa bila mtu yeyote kuupanga, basi akaichukua programu ile ile, akaweka nyumba mahali pa chembe za vumbi, na tangu hapo wenzake wa nyota hawakumwona sana.

Ramani yake ya kwanza ya Kabambare, ya mwaka 2009, aliitengeneza kwa picha zilizopigwa kutoka angani, na kompyuta ikamchagulia uwanja mzuri ulio wazi juu ya chemchemi ya Kamukungu, kwamba pale panafaa kujengwa soko, na alipowaonyesha ndugu zake, Célestin akauliza kwa sauti ya chini, « Ernestine, hii kompyuta yako haimujue baba? » kwa maana uwanja ule ulikuwa makaburi yetu, yasiyo na saruji wala misalaba mirefu, na baba Zéphirin alikuwa amelala pale tangu 2004. Watu walicheka sana, naye alicheka, lakini kesho yake alianza kwenda kwa miguu nyumba kwa nyumba, akiomba kila familia imwonyeshe wafu wake, na mwishowe akatambua jambo ambalo hakulitafuta, kwamba karibu mji mzima umezika kwenye mteremko ule ule, na mji mzima unakunywa maji yanayotoka chini yake.

Alitambua pia kwamba ramani haimzuii mtu kusimika mti wa nyumba, kwa hiyo mwaka 2010, akiwa tayari profesa, alikaa tena kwenye benchi la mwanafunzi, akasoma sheria, na mwaka 2015 alimaliza kwa utafiti juu ya sheria ya mipango miji. Furaha hiyo haikudumu, maana tarehe 9 Agosti 2015 mtoto wake Héritier, aliyekuja hapa Kabambare kwa likizo, alifariki kwa malaria, akazikwa miguuni pa babu yake, na tangu siku hiyo Ernestine alijua nafasi yake mwenyewe ni ipi, pale ubavuni pa mtoto, na sisi sote tulipajua.

Tarehe 20 Juni 2019 ilitiwa sahihi sheria ya mipango ya mji wetu, ambayo maneno yake aliyaandika yeye, ikafunga mteremko wa Kamukungu na kufungua uwanja huu tuliposimama uwe makaburi mapya. Célestin alimwambia mbele ya watu, « Ulienda kusoma nyota, sasa unakuja kutufungia wafu wetu! » na kwa zaidi ya miaka mitano hakukanyaga kwake, na uwanja huu ukabaki majani matupu, kwa sababu waliofiwa walipeleka watu wao vijijini, hakuna aliyetaka kumlaza mpendwa wake peke yake porini.

Mwezi wa Machi 2023 aligunduliwa kuwa na kansa ya kongosho, akatibiwa Bukavu, na Januari mwaka huu wa 2025 akarudishwa Kasongo. Célestin aliposikia alipanda pikipiki, akapambana na matope mpaka akafika kitandani kwake, akamwambia kwamba amekwisha kuongea na wanaohusika, atalala na Héritier, wakubwa watafumba macho. Ernestine alilia, na tuseme wazi, alilitaka jambo hilo kuliko kitu chochote kilichokuwa kimebaki duniani, kisha akajibu, « Kaka, mukinifumbia macho miye, mama mwenye atafiwa kesho mutamukataza namna gani? » na Célestin akatoka nje.

Alifariki Kasongo tarehe 11 Februari 2025, saa mbili asubuhi. Asani alimwachia shemeji yake uamuzi wa mahali pa kuzika, na vijana wa familia, wakidhani wanajua jibu, walikuwa wamekwisha kuanza kuchimba karibu na Héritier, mpaka Célestin alipofika mwenyewe, akawaambia wafukie.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Bukavu na Kasongo, majirani waliotulalia matanga, vijana wa pikipiki waliobeba jeneza mabegani pale gari lilipokwama, na wenzake wa chuo, wale wa nyota na wale wa sheria, ambao leo wamekaa benchi moja bila kubishana.

Kaburi hili Célestin amelichimba kwa mkono wake, hakukubali kusaidiwa, na alipomaliza asubuhi hii alipima nafasi ya mtu mmoja pembeni, akapigilia kijiti, akasema, « Hapa ni pangu, mutu asipaguse. » Pumzika kwa amani, Ernestine, hutakaa peke yako.