Wimbo Wenye Mtu Ndani

Bisha. Nimekaa hapa nakusubiri ubishe. Juzi kijiweni kwetu, mchana kweupe, mimi mwenyewe, kwa mikono hii niliyotoka nayo shule kabla walimu hawajanichoka vizuri, nilimfanya mtu aliyezikwa zamani acheke. Siyo kwa dawa wala kwa mganga. Kwa bisibisi. Huamini, kamuulize yeyote wa benchi lile, ila usimuulize Breki, maana ataongeza chumvi, na kazi ya kuongeza chumvi pale ni yangu.

Benchi lenyewe ni ubao mmoja uliolazwa juu ya matofali, kati ya kibanda changu cha kutengeneza simu na saluni ya Kinyozi. Kushoto hukaa Breki, dereva wa lori mstaafu, tumbo mbele, chupa ya kahawa miguuni. Kahawa ni yake, kwa hiyo kikao ni chake. Katikati hukaa Kinyozi, akikosa kichwa cha kunyoa. Mwisho kabisa, karibu na mlango wangu, kuna kimeza cha Mzee Saa, fundi wa saa za mkono, mtu mpole anayesema neno moja asubuhi na kulitumia mpaka jioni. Mimi hukaa popote, kwa sababu kijiwe bila mimi ni foleni ya zahanati tu. Jina langu pale ni Injinia. Walinipa kwa dharau, nikalipokea kwa heshima.

Siku hiyo mjadala ulikuwa ile miziki laini ya Kizungu, roki ya taratibu ya miaka ya sabini na themanini, inayoimbwa kama mtu anambembeleza paka ashuke juu ya bati. Swali lilikuwa, wimbo upi unaizidi yote?

— Ule wa gitaa linalodondoka kama bomba bovu, — akasema Breki. — Nilipanda nao milima na mzigo wa saruji mgongoni. Lori lilikuwa linausikia, linapunguza hasira. Nafika juu, dizeli bado ipo!

— Dizeli inabaki kwa sababu ya wimbo? — nikamuuliza.

— We mtoto umewahi kuendesha nini zaidi ya kidole kwenye kioo cha simu? Injini ina masikio. Ukiipigia makelele, inakunywa kama imefiwa. Ukiipigia taratibu, inanusa tu.

Kinyozi akatikisa kichwa kwa masikitiko.

— Hamjui mnachozungumza. Siri ya zile nyimbo ni sharubu.

— Sharubu?

— Sharubu, ndiyo. Nyie hamkuziona picha kwenye makasha ya kaseti? Kila mwimbaji ana sharubu kama brashi ya viatu. Mnadhani urembo ule? Chujio! Sauti inatoka kifuani na makapi yake, inapita kwenye sharubu, makapi yanabaki, wewe inakufikia laini. Siku walipoanza kunyoa, muziki ukageuka kelele. Mimi ni mtu wa wembe, najua tulichokiharibu.

— Na wanawake waliokuwa wanaimba je? — nikamchokoza.

Akafikiri kidogo.

— Wale walisimama karibu na wenye sharubu.

— Haya, nijibu na hili, — akasema Breki, akimmiminia kikombe kama anayemhonga. — Mbona saksofoni inaingia wimbo umeshafika katikati?

— Kachelewa. Yule mpulizaji alikuwa anakaa mbali na mjini. Wenzake wanaanza, yeye bado yuko njiani. Ndiyo maana akifika anapuliza kwa uchungu namna ile. Wengine wanadhani ufundi, kumbe anaomba radhi.

Nakuapia, hata mimi, ambaye nimekuja duniani kucheka watu, nilikubali. Maana ukiifikiria vizuri ile saksofoni, inaomba radhi kweli.

Hapo ndipo Mzee Saa alipoitoa ile lenzi yake jichoni na kuiweka mezani.

— Wangu unawashinda wote.

Tukageuka. Kumsikia Mzee Saa akijisifu ni sawa na kuona ukuta unapiga chafya.

— Upi huo, mzee wangu? — nikauliza.

— Jina silijui. Ila una mtu ndani.

— Zote zina mtu ndani, mzee. Ndiye anayeimba.

— Mwingine.

Akafungua droo, akatoa leso, akaifungua pembe moja moja. Ndani kulikuwa na kaseti, ile ya plastiki iliyogeuka rangi ya chai. Nikacheka, bwana. Ningefanya nini?

— Mzee, kaseti ya nini dunia hii? Niimbie kidogo tu. Simu yangu itakuletea wimbo mzima, umeogeshwa na kupakwa mafuta.

Akaona haya, lakini akaimba. Hakuwa na maneno, aliguna tu, mishipa ya shingo imemtoka, kidole kinagonga meza. Nikamsogezea simu mdomoni. Kufumba na kufumbua, wimbo huu hapa. Nikauunganisha na spika kubwa ya dukani.

Sasa nikwambie ukweli, mimi vitu vya wazee huwa ninavicheka. Lakini ule wimbo ulipotoka pale, safi, mpaka unasikia vidole vikihama kwenye nyuzi, mtaa ulibadilika. Breki alishika kikombe hewani, hakunywa wala hakushusha. Muuza maji alisimamisha mkokoteni wake katikati ya njia, na aliyekuwa nyuma yake hakumtukana. Yule mwimbaji hakuwa anamlazimisha mtu kusikiliza. Alikuwa kama jirani anayezungumza peke yake upande wa pili wa ukuta, na wewe umeweka sikio.

Ulipoisha nikasimama kupokea pongezi.

— Haya, mzee, sema umeshindwa.

— Huu siyo.

— Siyo vipi? Si ndio uliouimba?

— Ndio wenyewe. Lakini siyo huu.

— Mzee Saa, — akasema Breki, — leo umetumia maneno mengi, yamekuharibikia.

Mzee hakukasirika. Alianza kueleza taratibu, kama anayefungua saa.

— Injinia hajui, hakuwepo. Sisi hatukuwa na waya wa kuunganisha. Unaweka redio mezani, unaweka mashine ya kaseti mbele yake, zinatazamana kama watu wawili wanaoongea. Unafukuza watu chumbani, unafunga dirisha, unamsubiri mtangazaji amalize maneno yake. Wimbo ukianza unabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, halafu unazuia pumzi. Mtu akikohoa, kikohozi kimeingia kwenye wimbo mpaka kiama.

— Kweli kabisa! — akadakia Breki. — Wa kwangu ulikuwa na jogoo. Mpaka leo nikiusikia bila jogoo naona kama wameuibia.

Tulicheka mpaka ubao ukalia. Mzee Saa akasubiri tumalize.

— Wa kwangu aliingia mke wangu.

Mke wa Mzee Saa tulikuwa tunamjua kwa habari tu. Alifariki mtoto wao bado hajaanza kutambaa. Mzee hakuoa tena. Alimlea yule binti pale pale kwenye kimeza, akimchezesha na mikanda ya saa, mpaka leo ni mwanamke mzima mwenye duka la dawa mtaa wa pili.

— Umeusikiliza lini mara ya mwisho? — akauliza Kinyozi kwa sauti ndogo.

— Mashine ilikufa binti hajaanza shule. Sikuitengeneza.

— Na wewe ni fundi?

— Niliogopa itapona.

Mzee akaigusa ile kaseti kwa ncha ya kidole.

— Sasa naogopa kingine. Vitu hivi huoza. Na sauti yake imeanza kunitoka. Juzi nilijaribu kuikumbuka, ikaja ya dada yake.

Basi, bwana, hapo akaamka fundi. Nyuma ya kibanda changu kuna chungu ya vyuma ambayo watu huita takataka na mimi huita stoo. Nikafukua humo redio kaseti moja, imekatika mkono na mlango. Nikaipiga spiriti kwenye kichwa kinachosoma utepe, nikabadilisha mpira wa kuzungushia uliolegea, nikapuliza vumbi mpaka nikaona nyota. Injini ikaanza kuzunguka. Nikatamba! Nikamuita hadi muuza maji aje aone.

Nikatia kaseti ya mzee. Nikabonyeza.

Ikaila.

Iliguna kama mtu anayezama, halafu utepe ukaanza kutoka pembeni kama utumbo wa kuku. Nikazima. Mzee Saa alikuwa amesimama, mkono ameunyoosha lakini haugusi kitu. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Ninajua kuona aibu kama watu wengine, ila sina mazoea nayo, na pale sikujua niiweke wapi.

Mzee mwenyewe ndiye aliyeinama na kibano chake cha saa, akauchomoa ule utepe sentimita kwa sentimita, akaunyoosha juu ya kioo, na mimi nikaurudisha ndani kwa kuzungusha peni kwenye tundu la kaseti. Haukukatika. Nikatafuta mpira mwingine, nikaijaribu mashine kwa kaseti ya mahubiri niliyookota zamani. Mhubiri akahubiri vizuri, hakuliwa. Ndipo nikaitia tena ya mzee, nikaweka simu yangu pembeni inakili.

— Nyamazeni sasa, — nikawaambia. — Narekodi. Kama ikiila tena, hii ndiyo mara ya mwisho.

Ukaanza. Wimbo ule ule, lakini kama unatoka chini ya blanketi, na redio inapiga mluzi kwa mbali. Yule Mzungu aliyekuwa amesimama katikati ya mtaa wetu kwa fahari, sasa alikuwa amekaa kwenye chumba kidogo cha kupanga, dirisha limefungwa. Ulikuwa unakisikia hata chumba.

Katikati ya wimbo akafika binti wa Mzee Saa na hotipoti ya chakula cha baba yake, kama kila mchana. Akatukuta wanaume wazima tumeinamia mashine kama madaktari. Mwanamke mwenye adabu zake, akaona hali ilivyo, akanyamaza mwenyewe, akasimama nyuma ya baba yake.

Ndani ya kaseti mlango ukalia. Nyayo. Halafu sauti ya mwanamke, karibu kabisa, mbele ya yule mwimbaji:

— Huyu naye analia nini na sauti nzuri hivi?

Bila kusubiri jibu akaanza kumfuatisha. Hakuwa na maneno, kama mumewe. Mmm tu, mstari mmoja, juu kidogo ya sauti ya mwimbaji, kama kanga iliyotupwa begani. Nimefungua simu za matajiri na za wezi, nimesikia kila aina ya muziki uliomo, sijawahi kusikia kitu kinachokaa mahali pake namna ile.

Kisha sauti kavu ya kijana mwenye haraka:

— Shhh! We! Narekodi!

Kicheko. Kifupi, cha puani, cha mtu aliyezoea kugombezwa na kijana huyo na wala haimsumbui. Mlango. Wimbo ukaendelea bila yeye mpaka ukaisha.

Breki alivua kofia. Kinyozi alinong'ona:

— Na hana sharubu.

Breki akamfinya.

— Ni yeye? — akauliza binti.

Mzee Saa akaitikia kwa kichwa. Hakugeuka. Mkono wake ulikuwa juu ya ile redio, ameutandaza, kama unavyomshika mtoto mwenye homa.

— Rudisha, — binti akaniambia.

Nikarudisha. Tukasikiliza. Akasema tena rudisha. Alimwambia Kinyozi asogee, akakaa kwenye benchi letu, hotipoti mapajani, akasikiliza na mdomo wazi. Unajua, alikuwa na picha ya mama yake. Picha wanayo wengi. Lakini mpaka mchana ule hakujua kwamba mama yake alikuwa mtu wa kuingia chumbani anaongea.

Mara ya tatu, kicheko kilipopita, akauliza, siyo kwa hasira, kama mtoto anavyouliza kwa nini mwezi unatufuata:

— Baba, mbona ulimnyamazisha?

Breki ana jibu la dizeli. Kinyozi ana jibu la sharubu. Mimi nina jibu la kila kitu, hata cha kesho. Mzee Saa aliichukua leso yake, akaanza kuikunja pembe moja moja. Tukabaki tunaitazama kahawa ikipoa.

Huwa naishia hapo nikisimulia. Watu huniambia Injinia wewe ni hatari, na mimi hukubali. Lakini wewe hukubisha vya kutosha, umesikiliza tu, umeniharibia. Kuna sehemu nimeiruka.

Nilisema binti alifika akanyamaza mwenyewe. Uongo. Alifika anaongea. Alisema, "Baba, shikamoo, leo nimekuwekea na—" na mimi, simu inanakili, kifua mbele, nikamnyooshea kidole nikasema, "Shhh! We! Tunarekodi!"

Neno hilo limo kwenye simu. Jioni nilitaka kulikata, ni kazi ya kugusa kioo mara mbili tu, lakini Mzee Saa alinishika kiganja kwa nguvu ambazo sikujua anazo, akasema niache hivyo hivyo, nisiguse hata punje. Nikamtumia binti wimbo kama ulivyo. Kwa hiyo ukiusikiliza sasa, anaingia binti kwanza, ananyamazishwa na mshamba mmoja. Halafu mlango unalia, na mama yake anaingia, kama vile amemsikia mwanawe akifokewa, akaja kuangalia ni nani.