Mwalimu Truphena Akeyo na Ugonjwa wa Upande wa Mama

Mchungaji, majirani wa Kaloleni na wa Fedha, walimu wenzake, na nyinyi mliosimama nje kwa kukosa viti, familia imenituma mimi shangazi yake niwasomee maisha ya mtoto wetu, na ninaomba mnyamaze kidogo, kwa sababu mengine mmeyasikia vibaya.

Marehemu Mwalimu Truphena Akeyo alizaliwa tarehe 14 Machi 1972 hapa Kaloleni, kifungua mimba wa Mzee Gordon Obiero, mfanyakazi wa reli, na Mama Celine Auma, mwanamke aliyekuwa na mdomo kunishinda hata mimi. Alianza shule ya msingi papa hapa mtaani mwaka wa 1979, akaingia sekondari 1987, na mwaka wa 1994, akiwa chuo kikuu, akampoteza mamake, ambaye miguu ilimlegea, kope zikamwangukia, akafa akiwa na miaka arobaini na minne, na mtaa mzima ukakubaliana kwamba amerogwa, kilichobaki kubishaniwa kilikuwa ni nani aliyemroga.

Alianza kufundisha baiolojia Januari 1996, na wanafunzi wake walioko hapa watalikumbuka somo lake la seli, maana alilipenda hata akalileta mezani wakati wa chakula, akisema kwamba miaka kama bilioni mbili iliyopita dunia ilikuwa na vijidudu vya seli moja tu, vya kawaida kabisa, mpaka siku moja kimoja kikamkaribisha mwenzake ndani, labda kilimmeza kikashindwa kumsaga, labda aliingia mwenyewe, wasomi bado wanabishana, na yule mgeni akakaa, kama binamu anayekuja Nairobi kulala siku moja, ukirudi miaka kumi baadaye unamkuta ndiye anayewasha jiko la nyumba nzima. Akawa anampikia mwenyeji nguvu, na kutokana na ndoa hiyo ikatoka miti, ukatoka uyoga, wakatoka ng'ombe, tukatoka na sisi tulioketi hapa. Mgeni huyo, mitokondria, angali ndani yetu, na ana urithi wake kidogo ambao hajauchanganya na wa mwenye nyumba, urithi ambao mtoto huupata kwa mama peke yake. Sisi tulicheka, tukaomba ugali zaidi.

Tarehe 19 Desemba 1998 alifunga ndoa na Bwana Willis Ogutu, sherehe ikafanyika kwenye ukumbi wetu wa jamii, Mungu akawajalia Lorine mwaka wa 2000 na Sydney 2004, kisha wakahamia mtaa wa Fedha.

Mwaka wa 2019 kope zilianza kumwangukia, 2021 masikio yakafifia, mkono ukakosa nguvu ya kushika chaki, na wifi yake Jacklyne, nami namtaja kwa sababu yuko pale na anajua ninampenda, alisema jikoni mbele ya wanawake wa chama, "Haya ni mambo ya upande wa mamake, ukoo ule una kitu." Novemba 2023 Truphena aliporudi kutoka kwa daktari na habari kwamba ni mitokondria zenye kasoro, ugonjwa anaourithi mtoto kwa mamake, alicheka mpaka machozi, akasema, "Wifi, umepata alama zote, umekosa tu mchawi," lakini Lorine, aliyekuwa amesimama mlangoni, hakucheka, maana alikuwa anahesabu: Celine, Truphena, halafu yeye.

Tangu siku hiyo Lorine amekuwa mtu wa hofu, kila asubuhi yuko kwenye kioo akiinua kope kwa kidole, akipanda ngazi anayasikiliza magoti yake, na mwezi wa Machi mwaka huu, mimba yake ya kwanza ikiwa changa, kikombe kilimponyoka akiosha vyombo, hakuna hata mmoja wetu aliyeinama kuokota, macho yetu yote kwenye mkono wake, mpaka akapiga kelele, "Ni sabuni! Jameni, ni sabuni tu!" Sydney naye huenda akaugua, lakini yeye ni mwanamume, hawezi kumrithisha mtoto wake, ndiyo maana hofu ya Lorine ni ya watu wawili.

Mwishoni mwa Mei Truphena alilazwa, moyo umechoka, na kwa vile alikuwa hasikii tena, swali ambalo binti angemnong'oneza mamake ilibidi Lorine alipigie ukelele, wodi nzima ikasikia, wauguzi wakasimama na dawa mikononi: "Mama! Ungejua, ungenizaa?" Truphena akamwambia arudie, maskini akarudia, ndipo mamake akajibu kwa ulimi mzito, "Ningekuzaa. Na ningeogopa, hivyo hivyo unavyoogopa." Hakumwambia mtoto atakuwa mzima, alikuwa mwalimu, hakusema asichokijua. Alituacha Jumanne, tarehe 3 Juni 2025, saa tano asubuhi.

Lorine alitolewa damu wiki iliyopita, majibu hayajatoka, na anayewaambia yametoka ni mwongo, kwa maana mimi ndiye ningekuwa wa kwanza kuyatangaza, na hata yakitoka, daktari ametuonya, hayatatuambia mtoto aliye tumboni amebeba kasoro nyingi au chache. Kwa hiyo mkija kumpa mkono, msimchunguze kope, na hadithi za uchawi zibaki huko nje.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, walimu walioshika vipindi vyake, majirani wa Fedha waliombeba ngazini akiwa kwenye kiti, na Jacklyne, aliyemwogesha wifi yake hadi siku ya mwisho.

Truphena, hofu uliyotuachia imeketi kiti cha mbele, Willis ameishika mkono wa kushoto, Jacklyne ameishika wa kulia, haijaachwa peke yake. Pumzika kwa amani, mwanangu.